Kamera ya Kwenda Ngujini

Mume wangu Eliufoo alikuwa mkaguzi wa mizani mpaka alipostaafu, na kama kuna kazi ya kumharibu mtu asifae tena kuishi na wenzake, ni hiyo. Maisha yake yote alizunguka masokoni na mawe yake ya shaba, akiyaweka kwenye mizani za wauza nyama na wanunuzi wa tangawizi, akiwaambia watu wazima kwamba kasoro iko kwenye kifaa. Kazi imekwisha, lakini kasoro imehamia nyumbani kwangu. Chumvi ikizidi kwenye makande, kasoro iko kwenye kijiko. Tukichelewa kanisani, kasoro iko kwenye saa ya ukutani. Kwake yeye binadamu hakosei, kinachokosea ni kile alichoshika mkononi.

Mimi ni Mama Tumaini. Kwetu ni Ngujini, juu kule Ugweno. Yeye ni mtu wa Ndungu, tambarare, kwenye mpunga. Tulijenga Same tusije tukagombana tuhamie kwa nani, na upepo wa Same pamoja na vumbi lake nimevizoea kuliko nilivyomzoea yeye. Habari hii ya kamera nimeshawasimulia wenzangu wa kwaya, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilipokuwa ndani yake sikucheka.

Mama yangu, Eliakunda, alikuja kukaa kwetu macho yalipoanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichokwisha kwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda, matone yatakichelewesha tu. Hakuwa na pengine pa kukaa, maana kaka zangu wote tumeshawazika. Lakini kukaa kwa mkwe kwetu si jambo dogo. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hapiti mbele yake, hali mbele yake, na akiwa na neno la kumwambia hulisema akiwa upande wa pili wa mlango, macho chini. Kwa hiyo tangu Mama aje, Eliufoo anaingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa jikoni. Akifika kwenye korido anakohoa, Mama anavuta kanga kichwani, ndipo mwanaume anapita mbio kuelekea chumbani. Mama haoni vizuri, na kanga bado anaivuta. Nimeishi na kikohozi hicho mpaka mgeni akikohoa kwa mafua yake nageuka kuangalia kama kanga ya Mama iko sawa.

Kule Ngujini amebaki mdogo wake, Maua, ambaye kwangu ni mama mdogo. Kwenye tumbo lao wamebaki wao wawili. Maua aliumia nyonga, hawezi kushuka mlima. Mama hawezi kuupanda, kwa sababu hata gari likikufikisha juu, bado kuna njia ya migombani ya kuteremka kwa miguu, na ile njia hata mimi naiteremka kwa makalio mvua ikinyesha. Kila Jumapili wanaongea kwa simu, kwa Kigweno, kwa kelele, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye kiziwi. Jumapili moja simu ilipokatika Mama akaniambia, "Mwanangu, sauti yake ninayo. Nataka nimwone Maua mara moja kabla macho hayajafunga."

Hakurudia tena. Wakati huo alikuwa bado anachambua mchele mwenyewe, kwenye ungo, akiutupa mchanga upande. Nalitaja hilo ili ujue tulianzia wapi.

Nilimwomba jirani yake Maua atutumie picha kwa simu. Alisema anatuma sasa hivi, na sasa hivi yenyewe ikaja baada ya kumkumbusha mpaka nikaona haya. Ilikuwa picha ya msibani. Maua alikuwa katikati ya akina mama wengine, mdogo kama punje ya haragwe, na mbele yake kulikuwa na mgongo wa mtu. Mama aliishika simu mpaka ikagusa pua, akaisogeza mbali, akairudisha. Akasema anaona mwanga wa simu.

Eliufoo alikuwa upande wa pili wa mlango. Nikamsikia anavuta pumzi, nikajua tumekwisha. Kasoro, alisema, iko kwenye kifaa. Simu ni kifaa cha kuongelea kilichobandikwa jicho, na hakuna mtu anayepima dhahabu kwa mizani ya viazi. Mama alihitaji picha iliyopigwa kwa kamera yenyewe, ikachapwa kwa ukubwa wa kuonekana. Kamera ataitafuta yeye, ndogo, ya safari, na ataipandisha yeye mwenyewe mpaka Ngujini. Mimi nisingeweza kwenda hata kama ningetaka, maana nani angebaki kumwogesha Mama? Mkwe? Kwa hiyo Mungu ananiona, siku ile nilimshukuru mume wangu kwa moyo wote. Nilimchinjia kuku.

Yule kuku mpaka leo namlilia.

Karibu na stendi kuna studio ya Abdulmalik. Anapiga picha za pasipoti, anachapa picha za misiba na harusi, anauza simu na chaji, na kitu asichokuwa nacho anaagiza Kariakoo. Ni mtu mstaarabu, mwenye subira, na subira hiyo mume wangu aliitumia yote. Siku ya kwanza nilikwenda naye. Abdulmalik alitoa kwenye kabati la kioo kamera moja ndogo ya rangi ya fedha, akaifuta kwa shati, akampa. Alimwambia kwamba hii inatosha, aende nayo hata kesho, na picha akirudi nazo atamchapia kubwa kama dirisha.

Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshafika Mwanga, njia ya kwenda Ngujini. Eliufoo aliigeuza, akaitikisa sikioni, akauliza kama inavuta kwa lenzi kusogea au inakuza picha tu kwa ujanja. Abdulmalik akasema inavuta kwa lenzi. Lenzi ikitoka nje, vumbi la Same halitaingia? Litaingia kidogo. Na jua la saa sita, kioo cha nyuma kitaonekana? Kwa shida. Basi mbona haina tundu la kuchungulia? Na betri ikiisha kule juu, inatoka ukaweka nyingine au imezikwa humo humo? Tulirudi nyumbani bila kamera, na yeye akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu astaafu.

Tangu hapo nyumba ikageuka darasa. Alikaa na simu yake jikoni akisoma habari za kamera kwa sauti huku mimi nakatakata mboga. Nimejua mambo ya megapikseli ambayo mwanamke wa umri wangu hana haja nayo. Na kwa kuwa ilikuwa kamera ya safari, safari nayo ikaanza kunenepa. Ngujini peke yake haikutosha. Atapitia kwanza Ndungu, apige mashamba ya baba yake; basi kamera isiogope maji. Ataunganisha mpaka Bendera, alikoanzia kazi. Kule jua ni kali, basi lazima iwe na tundu. Kule juu kuna ukungu, basi ione gizani. Kuna ndege, basi ivute mbali. Na pamoja na yote hayo lazima iingie mfukoni mwa shati, kwa sababu kamera ya kwenye begi, alisema, ni kamera iliyobaki nyumbani. Abdulmalik alimweleza kwa upole kwamba anachokitafuta ni tembo wa kukaa kwenye kikombe. Hakukubali.

Akaja na la sabuni. Alichukua mche wa sabuni, akaukata kwa kisu changu cha nyama ukawa na urefu, upana na unene wa kamera aliyoisoma kwenye simu. Akaupima kwenye mizani yake ndogo, akachomeka misumari ndani mpaka uzito ukalingana. Akautia mfukoni mwa shati na kutembea nao. Kila jioni alinipa taarifa: mfuko unavutwa kushoto, kola inapinda, akiinama kufunga kiatu sabuni inataka kutoka. Nilimwambia shati linavutwa kwa sababu limebeba sabuni yenye misumari. Alisema ndiyo maana ya jaribio. Basi siku moja tukiwa sokoni mvua ikatushukia kwa ghafla, naye akagoma kukimbia, maana mtu wa safari hukutana na mvua. Alisimama mbele ya wauza vitunguu povu likimtoka kifuani na kumtiririkia mpaka mkanda wa suruali. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kama anaumwa.

Nyumbani siku ile nilikuta mchanga kwenye wali. Nikatafuna polepole, nikamtazama Mama. Alikuwa anaendelea kula, na sikujua kama ameusikia. Kesho yake nilichukua ungo nikasema nataka kuchambua mwenyewe, nimekosa kazi. Alinipa.

Mwanetu Tumainieli alipiga simu kutoka Dodoma, akamwambia baba yake anunue yoyote ile, zote zinapiga picha. Eliufoo alimjibu kwamba ndiyo maana kizazi chao kina picha za kila kitu na hakuna anayeweza kuonyesha hata moja ukimwomba. Hapo hakukosea, na hicho ndicho kinachonitia wazimu kwa mtu huyu. Angekuwa mjinga ningepumzika.

Mwishowe Abdulmalik aliipata. Ndogo, nyeusi, ina tundu, inavuta, betri inatoka, na uzito wake unakaribiana na ule wa sabuni. Ikapakiwa kwenye basi kutoka Dar, ikafika, tukaitwa. Nilivaa gauni la kutokea. Boksi lilifunguliwa juu ya meza ya studio, na Eliufoo akakitoa kitabu cha maelekezo kwanza, akavaa miwani, akaanza kulinganisha kilichoandikwa na kilichomo. Kamera, ipo. Betri, ipo. Waya wa chaji, upo. Kamba ya kuvaa mkononi, haipo.

Abdulmalik akasema si neno, atafunga kamba ya kiatu, nyeusi, haitajulikana. Mimi nikasema nitasuka hata ya uzi wa dhahabu. Eliufoo akakirudisha kila kitu ndani ya boksi kwa mpangilio wake, akafunga. Kilichoandikwa kwenye boksi kiwemo kwenye boksi. Mwenye duka aliyeituma kutoka Dar ataituma na kamba yake, vinginevyo arudishiwe.

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Maisha yangu yote nimelikataa hilo mbele ya Wachagga. Msimu ule niliacha kulikataa. Boksi lilirudi Dar kwa basi. Yule mwenye duka akasema kamba hazina maana, watu huzitupa. Eliufoo akasema basi amtumie moja kati ya hizo zinazotupwa. Akapiga simu asubuhi, akapiga jioni, mpaka yule bwana akawa hapokei, ndipo akaazima simu yangu apige kwa namba nyingine. Masika ikaisha. Upepo ukaanza. Jumapili moja wakati namvisha Mama kwa ajili ya ibada, aliniuliza kanga aliyovaa ni ipi. Nilikuwa nimemvisha ile nyekundu, anayoipenda kuliko zote.

Nilitoka nikamkuta Eliufoo uani ameshika simu. Nikamwambia, "Baba Tumaini, Mama anapofuka."

"Najua," alisema. Aliitazama simu badala ya kunitazama mimi. "Ndiyo maana sitaki kukosea."

Nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Boksi lilirudi, kamba ikiwa ndani. Ilikuwa kijiuzi cheusi ambacho ningeweza kukipoteza kwenye kitunguu. Aliifunga kwa mafundo mawili, akaivuta, akatabasamu, na mazoezi yakaanza. Alipiga kuku, alipiga mlima, alipiga malori barabara kuu, alinipiga mimi nikiwa nimenuna jikoni. Kila jioni alipitia picha na kufuta zilizomchukiza, maana picha mbovu, alisema, haikai kwenye kadi. Kanuni aliyoipenda zaidi ni kwamba mpigaji asimame jua likiwa mgongoni kwake. Aliirudia mpaka ikawa kama salamu.

Hatimaye akaondoka. Nilimpigia pasi shati lake jeupe, nikamfunga kifungo cha mfuko juu ya kamera kama mtoto anayepelekwa shule. Mama alimpelekea mdogo wake sukari na kanga mpya, akazikabidhi kwangu nimkabidhi mkwe. Kisha akahamishia kigoda chake uani, upande wa barabara. Siku zote alizokaa Eliufoo safarini, Mama alishinda pale, akigeuza kichwa kila mtu alipopita. Wakati huo alichokuwa anaona ni weusi wa mtu kwenye mwanga. Akija mtu kusimama mlangoni aliweza kusema kuna mtu, hakuweza kusema ni nani.

Eliufoo alirudi ameungua jua na kukonda, ana furaha. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kunionyesha kwenye kioo cha kamera. Nitasema ukweli: picha zilikuwa nzuri. Mpunga wa Ndungu ulikuwa wa kijani mpaka unausikia unanukia. Kulikuwa na yangeyange wamesimama majini, unahesabu manyoya yao. Kulikuwa na Ziwa Jipe likiangaliwa kutoka Ugweno, na nyingine ya Kilimanjaro bila wingu hata moja. Kulikuwa na ndege hondohondo amepigwa kwa karibu sana, kope zake zinaonekana. Sikujua kama hondohondo ana kope. Nilizitazama zote. Nilimsifu. Kisha nikamuuliza Maua yuko wapi.

Akaizima kamera.

"Mama Tumaini," alisema, "yule ni mama mkwe wangu. Ningemwelekezea vipi lenzi usoni?"

Akanieleza kwa sauti ya chini, kwa sababu Mama alikuwa nje ya dirisha. Alifika kwa Maua, akakohoa kwenye ua wa mimea ya masale. Maua akavuta kanga, akaingia ndani, akamkaribisha kutokea ukutani kama inavyotakiwa. Akampikia, akampitishia chakula kwa mlangoni. Wakaongea vizuri sana, yeye nje na mama mkwe ndani. Alipomweleza habari ya picha, Maua alifurahi, mpaka alipouliza nani atapiga. Eliufoo akasema basi aitwe jirani mwanamke apige, yeye atakaa mbali. Maua akauliza kamera ni ya nani na picha itakaa wapi. Akaambiwa itakaa humo humo ndani ya kamera. Akasema, "Kwa hiyo uso wangu ukae mfukoni mwa mkwe, kifuani, mpaka Same? Na jioni aufungue autazame? Mwambieni dada sikulelewa hivyo."

Nilimkasirikia Maua, nikamkasirikia Eliufoo, nikaikasirikia ile kamba. Lakini nani katika nyumba ile alikuwa hajui mila hiyo? Kikohozi kile nilikisikia kila siku ya Mungu. Shati nililipiga pasi mimi. Mwaka mzima tulichagua kamera, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri juu ya mpiga picha.

Eliufoo akasema hakurudi mikono mitupu. Maua alimwambia aweke kamera juu ya kigoda, ampe mgongo, naye atampigia dada yake vitu vya kuviona. Yeye akasimama nyuma ya masale akimwelekeza kwa sauti: shika hivi, bonyeza pale juu, jua liwe mgongoni kwako. Maua akazunguka na fimbo yake akipiga kila kitu. Alipiga mafiga ya mama yao. Alipiga ng'ombe, alipiga mlango, alipiga lile jiwe walilokuwa wakisagia. Ilikuwa jioni, jua liko chini, na kwa kuwa alifuata kanuni, kivuli chake kiliangukia kwenye kila picha.

"Zikaharibika zote," alisema Eliufoo. "Nimebakisha ya kaburi la mama yao, kwa kuwa kaburi limetoka limenyooka. Nyingine nilizifuta njiani."

Nilichukua kamera nikaenda nayo mwenyewe kwa Abdulmalik, nikamwambia aichape hiyo moja kubwa kadiri karatasi yake inavyoweza. Lazima nimpe Mama kitu, hata kama ni kaburi. Aliichapa kwenye karatasi anayochapia picha za marehemu, akaiviringisha kwa uangalifu ndani ya bomba la karatasi ngumu, akakataa kuniuliza chochote. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa nyeupe na jua lilikuwa limeliwakia, na kweli lilikuwa limenyooka. Juu yake, kutoka pembeni, kivuli kilikuwa kimelala cheusi kama masizi.

Mama alikuwa bado kwenye kigoda chake uani. Nilimkunjulia karatasi mapajani, nikamwambia ni kaburi la Bibi, limepakwa chokaa, linapendeza, Maua analitunza vizuri. Nilisema mengi kwa haraka, nikiogopa ataniuliza uso uko wapi. Mama aliinua karatasi karibu na jicho lake la kulia, lenye nafuu. Akaipitisha polepole. Akaisimamisha. Akairudisha kidogo.

"Huyu nani?"

"Hicho ni kivuli tu, Mama. Picha imeharibika kidogo."

Aliweka kidole kwenye ukingo wa ule weusi, akaufuata kuanzia chini, kwenye kiuno, mpaka begani. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Kichwa kilikuwa kimeinama upande huo huo, na fundo la kilemba limekaa juu kama sikio.

"Huyu Maua," alisema Mama. "Bado anainamia kushoto. Tangu tunachota maji namwambia asimame wima, hasikii." Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko, naye hakuyafuta. Alilaza kiganja chake chote juu ya kile kivuli na kukiacha pale. Nami nilisimama nikilia kama mtoto, nimeshika bomba la karatasi lisilo na kitu.

Kisha akauliza, "Na nyingine ziko wapi?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Nilijua yuko nyuma yake, nilikuwa nimesikia pumzi yake muda wote. Nilinyamaza makusudi. Safari hii ajibu mwenyewe.

"Mama," alisema Eliufoo kutoka ndani, na hakukohoa. "Nilizifuta. Nilidhani zimeharibika."

Upepo ulipeperusha ncha ya karatasi, Mama akaishika.

"Basi mkwe," alisema, "na mimi niharibie moja. Umpelekee."

Nilimwinua, nikamsimamisha kuelekea ukuta wa stoo, ule tuliopaka nyeupe, jua la jioni likiwa mgongoni kwake. Akajiweka sawa kanga, akasimama wima kabisa, ili Maua aone mtu anavyosimama. Eliufoo alizunguka nyumba, akaja na kamera yake kusimama nyuma, mbali kidogo. Mama alitazama ukuta, naye alitazama kisogo cha Mama, na hakukuwa na kosa lolote la adabu. Kivuli cha Mama kilikuwa kimepanda ukutani, kikubwa, cheusi, na Mama alikuwa anakiona. Alinyanyua mkono kidogo kuhakikisha ni cha kwake.

Eliufoo akachungulia kwenye tundu. Akasogea kushoto. Akageuza kitu juu ya kamera, akakirudisha. Jua lilikuwa linashuka na kivuli kilikuwa kinazidi kurefuka kuelekea paani. Akasema kwamba kuna wingu linakuja, mwanga umepungua kidogo, pengine kesho mapema ingekuwa—

"Baba Tumaini," nilisema. "Bonyeza."

Akabonyeza. Kwenye picha kichwa cha kivuli cha Mama kimekatwa kidogo na ukingo wa bati, na kivuli cha Eliufoo mwenyewe kimeingia pembeni, mkono juu, ile kamba yake inaning'inia. Hakuifuta.